Shimo la Pasi Kwenye Kitabu cha Nne

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemaliza kitabu cha tatu cha Ngazi ya Ukungu mbele ya hadhara. Hadhara yenyewe ni mafundi wa cherehani, mkataji mmoja na Dada Vifungo. Nimepigiwa makofi! Mimi, mpiga pasi wa karakana ya sare za shule, mtu ambaye hadi mwaka jana aliitwa "wewe wa pasi".

Nieleze vizuri, ili nikizeeka nisisahau utukufu huu. Kila mchana bosi huzima umeme nusu saa ili mota za cherehani zipoe. Zamani watu walikuwa wanasinzia. Kisha mpwa wangu, binti wa dada yangu, akaniazima kitabu cha kwanza cha hadithi yake ya vijana. Nikawa nakisoma kwa sauti kujifurahisha, na viti vikaanza kusogea. Vitabu viko sita. Msichana aitwaye Mshika Taa anapanda ngazi isiyoonekana mwisho wake kumtafuta kaka yake aliyechukuliwa na ukungu. Anafuatana na mpishi mwoga na punda anayeweza kusema sentensi moja tu kwa siku. Sentensi moja! Kwa hiyo huichagua vizuri. Ningekuwa mimi ningeshaimaliza kabla ya chai.

Tangu nianze kusoma nanywea kikombe kisicho na ufa. Na Dada Vifungo, mjane, mshona vifungo mwenye vidole vyepesi kuliko wote humu, amehamisha stuli yake kutoka dirishani hadi karibu na meza yangu. Anasema ni ili asikie vizuri. Sina ubishi. Nina miaka arobaini na sita, upara umeshafika utosini, na hakuna mwanamke aliyewahi kusogeza hata kijiko kwa ajili yangu.

Kesho kitabu cha nne. Mpwa wangu amekitoa kwa masharti: nisikunje ukurasa, nisilambe kidole, nisinywe chai karibu nacho. Hakutaja pasi.

Jumanne, 4 Machi

Msiba. Sitaki hata kuandika. Naandika.

Ilikuwa saa ya chai ya asubuhi. Kibao changu cha kuwekea pasi alikuwa nacho Sentimita. Huyu ndiye mkataji wetu. Anaitwa hivyo kwa sababu hakuna asichokipima, hata vipande vya mkate. Alikiazima kugandamizia karatasi zake za vipimo na hakukirudisha. Basi Dada Vifungo akaniita nionje kama sukari imetosha. Nikaweka pasi juu ya kitu cha karibu. Kitu cha karibu kilikuwa kitabu. Nilikusudia kuonja tu. Nikaonja vikombe viwili.

Harufu. Sentimita akainua pua, akasema kuna kitu kinaungua. Nikasema ni kola. Akasema kola hainuki karatasi. Nikasema kola za siku hizi hazitabiriki.

Shimo linaanzia kwenye jalada na kushuka karibu hadi mwisho wa kitabu. Umbo ni la pasi kabisa, ncha juu, makalio chini. Kila ukurasa umebaki kingo tu: maneno mawili matatu kushoto, maneno mawili matatu kulia, katikati hewa. Hadithi nzima imekwenda na hewa hiyo.

Mtu mwenye akili angesema ukweli hapo hapo. Lakini ukweli ungenirudisha kwenye kikombe cha ufa, na stuli ingerudi dirishani. Hilo sikubali. Mchana nilisema koo linauma, hakuna kusoma. Dada Vifungo akanichemshia maji na kunitazama kwa huruma hadi nikayanywa yote, na koo likaungua kweli.

Jioni nimekivisha kitabu karatasi ya khaki. Nitasoma kingoni, katikati nitajaza mwenyewe. Ugumu uko wapi? Nimesoma vitabu vitatu. Mwandishi namjua sasa kama ndugu yangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma! Yaani nimetunga huku nikitazama kitabu. Jasho jembamba. Kushoto pameandikwa "Mshika Taa akasikia", kulia "mlio wa mb-", basi. Nikaweka mbuzi. Hakuna aliyeuliza mbuzi anafanya nini juu ya mawingu. Ukweli ni kwamba nina kipaji.

Kasoro ni moja. Kila nikifungua ukurasa masizi yanamwagika mapajani. Sentimita aliuliza mbona kitabu kinatoa unga mweusi. Nikasema huo ndio ukungu wenyewe. Watu wakacheka, Dada Vifungo akacheka, kichwa kikanivimba.

Hakikuvimba kwa muda mrefu. Sentimita, kwa kuwa hana sauti ya kusoma, amejizulia kazi ya kuigiza punda. Punda akitajwa tu, anachomeka vipande viwili vya kola juu ya masikio, ananyoosha shingo na kulia hadi madirisha yanatetemeka. Dada Vifungo alicheka mpaka akaangusha sindano. Akamwambia ana kipaji. Kipaji! Na stuli yake, kwa macho yangu haya, imesogea nusu hatua kuelekea meza ya kukatia.

Huyu punda ananimaliza. Usiku huu nimefungua ukurasa wa kesho. Kushoto kuna neno moja: Punda. Kisha hewa. Kulia: kwa mara ya mwisho. Nimeutazama ukurasa ule kwa muda mrefu. Sijawahi kuua hata kuku.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemuua.

Nilisoma: Punda alipumua kwa mara ya mwisho. Sentimita alikuwa ameshavaa masikio. Yalibaki yananing'inia huku mdomo uko wazi. Sijawahi kufurahi kiasi hicho kwa kifo cha mtu yeyote.

Kisha nikanogewa. Badala ya kuishia hapo, nikaanza kutia chumvi. Nikamfanya punda amwegemezee kichwa Mshika Taa. Nikamfanya aifikirie sentensi yake ya siku ile na kuikosa kwa uchovu. Nikaongeza mvua. Fundi wa sketi alianza kulia, wa suruali akafuata, na hatimaye Dada Vifungo akafunika uso kwa shati alilokuwa anashona. Nikampa leso yangu. Akaipokea! Vidole vyetu vikagusana, na nikasema kimoyomoyo, asante punda.

Kitabu kilichokuwa kichukue wiki nzima kimeisha kwa siku mbili. Shimo linasaidia kasi.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi ameingia na shati moja mkononi. Shati jeupe la shule, vifungo vyeupe, uzi mweusi. Akauliza kuna shule gani iliyofiwa. Likaja la pili, la tatu, rundo zima. Dada Vifungo alikuwa ameshona mzigo wote wa jana kwa uzi mweusi. Alisema hakuona, macho yalikuwa yamejaa. Na fundi wa suruali ameziba mifuko yote kwa juu.

Bosi ni mama mfupi asiyependa mafumbo. Akauliza nani amekufa. Akaambiwa punda. Akauliza punda wa nani. Akaambiwa wa kwenye kitabu. Akanigeukia mimi, akasema sare zinatakiwa shuleni Alhamisi. Kama punda hatafufuka kufikia Jumatatu, nusu saa ya umeme itakuwa ya kulala kama zamani na vitabu nitarudi navyo nyumbani.

Sentimita akadakia kwamba kitabu kimeshaandikwa, hakiwezi kubadilishwa kwa amri. Ni mara ya kwanza nimekubaliana naye, na ni mara mbaya. Dada Vifungo siku nzima alikuwa anakata nyuzi nyeusi moja moja. Hakuniangalia kwa ubaya. Alinishukuru kwa kusoma vizuri! Nilijisikia mdogo kama kifungo cha mkono wa shati la chekechea.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeanza kitabu cha tano. Kizima, hakina shimo, hakina masizi. Nilifungua kwa raha zangu, nikasoma mstari wa kwanza kwa macho kabla ya kuutoa mdomoni. Mstari wa kwanza: Punda alikuwa wa kwanza kuamka.

Mzima wa afya! Na yumo kila ukurasa. Kuna kitu cha ajabu, hasemi neno, lakini anabeba mizigo, anavuka mito, anakula. Mtu mwenye busara angeona hapo mlango umefunguka: bosi anataka punda afufuke, kitabu chenyewe kimemfufua, soma tu. Mimi niliingiwa na hofu kwamba watu watauliza alifufukaje. Kwa hiyo kila nilipoona punda nilisoma mpishi.

Ilianza vizuri. Mpishi alikuwa wa kwanza kuamka. Sawa. Mpishi alimbeba Mshika Taa mgongoni akavuka naye mto. Mafundi wakasema kumbe mpishi si mwoga tena, msiba umemkomaza. Kisha mpishi akasimama kando ya njia, akainamisha kichwa na kuanza kula majani. Fundi wa sketi akasema huzuni hiyo. Kisha mpishi akafukuza inzi kwa mkia, akapigiliwa vyuma vipya kwenye kwato.

Sentimita akaweka mkasi mezani taratibu. Akauliza mpishi ana kwato tangu lini. Nikasema ni lugha ya mafumbo. Akasema mkia aliofukuzia inzi nao ni fumbo? Umeme ukarudi. Sijawahi kulipenda shirika la umeme kama leo.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa dada yangu kula chakula cha mchana na kupeleleza. Mpwa wangu alikuwa mezani na mikono miwili wazi akitaka kitabu chake cha nne. Ana miaka kumi na tatu na macho ya askari wa mpakani. Nikamwambia kiko salama, watu wanakipenda hawataki kukiachia. Huo wa pili haukuwa uongo.

Nikajitia kumpima. Nikamwambia, hebu tuone kama unakumbuka, kwenye kitabu cha nne punda alipatwa na nini? Akasema, si wewe ndiye uliyekisoma juzi? Nikasema ndiyo, nataka kuona kama na yeye alielewa. Akanitazama hadi nikamwagikiwa na mchuzi. Akasema atakuja karakanani wiki ijayo kupimwa sare, na kitabu nikiweke tayari. Dada yangu akasema mwanangu usimkalie mjomba wako kooni. Akasema hajamkalia, bado.

Maji yamenifika shingoni. Lakini nimepata wazo njiani.

Jumatatu, 10 Machi

Wazo: kumfufua punda kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kishindo, bosi akiwa amesimama mlangoni.

Nilishika kitabu na kutunga ufufuo mzima. Mshika Taa analimwagia kaburi mafuta ya taa yake, ardhi inapasuka, punda anatoka akiwa na mbawa! Sijui mbawa zilitoka wapi, zilikuja zenyewe. Bosi akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema haya, kazi iendelee, akaenda zake. Nikasubiri makofi.

Hakuna. Dada Vifungo alikuwa ameshika kifungo bila kukishona. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye alimlilia yule punda kwa haki, kwa sababu alikufa kama watu wanavyokufa, akiwa na neno la kusema na asiliseme. Mume wake alikwenda hivyo. Akasema ilimuuma lakini ilimfaa. Sasa mimi namrudisha na mbawa, kana kwamba kufa ni kwenda dukani na kurudi. Akasema si vizuri kuchezea watu.

Akanyanyua stuli yake. Hakuipeleka hata kwa Sentimita. Aliirudisha dirishani.

Sina la kuchekesha la kuandika. Nimeona haya. Kile kifo nilikitunga kwa wivu, yeye alikuwa anakipokea kwa moyo.

Jumanne, 11 Machi

Mpwa wangu hakusubiri wiki iishe. Kaja leo, mchana wa kiangazi, umeme umezimwa, mimi nimeshika kitabu cha tano na punda wangu mwenye mbawa yuko angani. Alisimama mlangoni na mkoba mgongoni. Alisikiliza. Kisha akauliza, kwa heshima zote, Mjomba, hiyo ni Ngazi ya Ukungu ipi?

Sentimita alimkaribisha kiti haraka. Akamweleza yote: kifo, mvua, kwato za mpishi, kaburi. Mpwa wangu akazidi kukunja uso. Akaomba kitabu cha nne. Nikasema kiko nyumbani. Sentimita akakitoa chini ya blanketi ya meza yangu. Mpwa wangu akavua karatasi ya khaki, akafungua, na kunitazama kupitia shimo. Jicho moja, katikati ya umbo la pasi. Nitaliona jicho lile hadi nife.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alikaa akaeleza kilichokuwamo kwenye ile hewa, maana anakijua kwa moyo. Mlinzi wa daraja alikataa kumvusha Mshika Taa mpaka alipwe sauti. Punda akatoa yake. Akapewa nafasi ya sentensi moja kabla haijachukuliwa, akamwambia msichana: Ukipotea, sikiliza kwato zangu. Na mstari wenyewe ni huu: Punda alisema kwa mara ya mwisho.

Alisema! Sio alipumua. Na baada ya hapo akanyamaza, lakini akaendelea kutembea. Mafundi wote wakanigeukia. Nami nilijua nani ni punda.

Dada Vifungo aliuliza taratibu kama kweli hakufa. Mpwa wangu akasema, hakufa, Shangazi, alinyamaza tu. Dada Vifungo akageukia dirisha. Kisha akaniambia, bila hasira, kwamba hiyo ndiyo angependa kuisikia kwa sauti yangu.

Jumatano, 12 Machi

Hukumu zimetoka. Mpwa wangu: nitapiga pasi sare yake kila Jumapili hadi amalize shule, na vitabu sivigusi bila msimamizi. Bosi: kiti cha msomaji kinahamia kwa Sentimita. Mafundi: kikombe cha ufa kimerudi. Ufa umekua.

Sentimita amesoma leo. Anasoma kama anayesoma vipimo. Penye nukta anasema "nukta". Mshika Taa alipoanguka kwenye genge, msomaji wetu alinyamaza dakika nzima kukadiria urefu wa genge. Fundi wa sketi alikoroma. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 14 Machi

Mafundi wamepeleka malalamiko kwa bosi wakisema afadhali mwongo kuliko huyu. Sijui kama ni sifa. Naichukua.

Sharti ameliweka Dada Vifungo. Nitasoma, lakini kitabu atakishika yeye, na kidole chake kitatembea chini ya kila mstari. Nikiongeza neno, kidole kinasimama. Kwa hiyo stuli haikurudi karibu na meza yangu. Imegusana na kiti changu! Bega kwa bega! Nimesoma punda kila palipoandikwa punda. Mara moja nilitaka kumwongezea mpishi kikohozi kidogo. Kidole kikasimama. Nikameza mate, nikaendelea.

Tulipofika mahali Mshika Taa anapotea kwenye ukungu na kusikia kwato, sauti ilinikwama yenyewe, bila kutunga. Dada Vifungo alinirudishia leso yangu. Ameifua. Sijawahi kuona leso iliyokunjwa vizuri namna ile, na mimi kunyoosha ndiyo kazi yangu.

Nimebadilika. Naandika hapa ili iwe ushahidi: sitatunga tena, sitadanganya, sitaficha kitu.

Jumatano, 26 Machi

Janga jipya. Kitabu cha sita ni chembamba! Nimekuwa nasoma polepole, natua kila mkato, nakohoa. Haisaidii. Imebaki sura moja. Kesho mchana Mshika Taa anafika juu ya ngazi, anampata kaka yake, na hadithi imekwisha. Hadithi ikiisha, kidole hakina kazi. Kidole kikikosa kazi, stuli inarudi dirishani.

Kwani nani alisema vitabu ni sita? Nimeanza cha saba. Nakiandika nyuma ya karatasi za vipimo za Sentimita, ana nyingi, hatajua. Punda anarudishiwa sauti, safari hii sentensi mbili kwa siku. Kuna mjane mwenye sindano ya dhahabu. Kuna mtu mwenye upara, shujaa, anayekaa karibu naye. Nitasema mpwa wangu amekileta.

Lakini lazima sura ya mwisho ya cha sita icheleweshwe kidogo, hadi changu kinenepe. Jioni nilimwomba Dada Vifungo kitabu nikakinyooshe kona zilizojikunja. Akanipa! Akasema ananiamini. Nilisikia raha hadi visigino. Kesho nitawaambia kimepotea ghafla, na siku mbili tatu nitawaliwaza kwa cha saba.

Nimekificha chini ya blanketi ya meza ya pasi, katikati kabisa, mahali ambapo Sentimita hawezi kupafikia, maana tangu asubuhi nitakuwa nimesimama hapo hapo. Naanza na makoti ya majira ya baridi. Kitambaa kizito sana, bosi amesema pasi iwe ya moto kweli.